Mashine Ililia Getini

Nilipanda treni ya Mpanda kwa sababu mdogo wangu Restituta alikuwa hatoki tena chumbani. Jirani yake wa Ilembo alinipigia simu akasema jeraha la shingo limefunga na mkono unaendelea vizuri, lakini mwenyewe haendi sokoni, haendi kanisani, hata maji anachotewa. Nilimbembeleza kwa simu aje Tabora tukae wote. Akajibu kwamba njiani kuna watu. Basi nikaamua kwenda kumchukua mwenyewe. Tena nilikuwa na nia nyingine: kumwona uso kwa uso mlinzi aliyemwachia mumewe aingie ukumbini na kisu.

Baada ya Kaliua, treni ilishika njia ya Mpanda ikazama msituni. Miombo kila upande, mizinga ya nyuki imetundikwa huku na huku, na vituo ambako watu huuza asali na karanga dirishani. Safari nyingine ningenunua. Safari hii nilikaa nikipanga maneno ya kumwambia yule mlinzi, na kila nilipoyarudia yalizidi kuwa makali. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu, mkulima wa Mishamo, aliniuliza kama naenda msibani. Nikamwambia bado.

Mpanda nilifika mchana, vumbi limetanda. Restituta nilimkuta kitandani, dirisha limefungwa, kitenge amejizungushia shingoni. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Alinipa shikamoo kisha akaniomba nifunge mlango. Iliniuma sana, kwa kuwa huyu ndiye mtoto wa nyumba yetu aliyekuwa hakosi ngoma wala harusi.

Yaliyompata nilishayasikia kwa simu, sasa akanieleza kwa utaratibu. Alimkimbia mumewe, Deo, kule Litapunga kwa sababu ya kipigo, akapanga chumba hapa Ilembo. Wifi yake, ambaye hawajawahi kukosana naye, alikuwa na sendoff ya binti yake katika ukumbi mmoja wa mjini, akamwomba afike. Restituta alijua Deo atakuwepo. Alikubali kwa sababu moja tu, kwamba pale ukumbini wanakagua watu mlangoni. Alisema hakuna mahali pengine Mpanda nzima ambapo angethubutu kukaa chumba kimoja na yule mwanaume.

Jumamosi nilikwenda kwenye ukumbi huo. Kulikuwa na shughuli nyingine, kwa hiyo nilisimama pembeni nikaangalia. Walinzi sasa ni wawili, wana sare na buti. Akina mama walifungua mikoba, mlinzi mmoja akachokonoa kwa fimbo huku akiangalia upande wa muziki. Mwingine alipitisha mashine ya mkononi juu ya miili ya watu, nayo ikalia kwa kila mtu: funguo, mkanda, simu. Ililia mpaka hakuna aliyeisikia. Kwa nyuma, mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na wapishi walipita na visu vya kukatia nyama bila kuulizwa lolote. Getini wamebandika tangazo jipya: UTANI NA WALINZI NI MARUFUKU. Mgeni mmoja alilisoma kwa sauti, akamuuliza mlinzi kama na kucheka nako kunalipiwa faini, wakacheka wote.

Mwenye ukumbi, mtu mnene mwenye adabu, alinipa pole. Akasema wameimarisha ulinzi na wateja wameridhika. Nilimuuliza kama wako salama. Akarudia kwamba wameridhika.

Mlinzi niliyemtafuta, Gervas, alikuwa amehamishiwa kulinda magari. Nilitegemea kukuta mtu jeuri. Nikakuta kijana mpole aliyeinama kunisalimia, na nilipojitaja kuwa dada yake Restituta, akakaa chini kwenye changarawe. Yale maneno yangu ya kwenye treni sikuyaona tena.

Alinieleza kwamba ukoo wao na ukoo wa Deo ni watani tangu mababu. Wakikutana lazima watukanane, na msiba ukitokea upande mmoja, wa upande wa pili ndio wanaokuja kuwachekesha wafiwa. Siku ile Deo alifika amevaa koti, mashine ikalia kiunoni.

"Nikamuuliza, mtani, umebeba nini? Akasema, kisu, nimekuja kumchinja mke wangu. Dada, huyo ni mtani wangu. Akisema nyeupe mimi najua ni nyeusi. Nikamwambia, ukishachinja, paja letu sisi. Watu wakacheka, akapita."

Nilimuuliza kwa nini hakumpapasa hata kidogo. Alijibu kwamba mtani hapapaswi, kumpapasa ni kumwambia huamini utani wake, na hilo ndilo tusi. Kisha akalia, na mimi nikalia naye, jambo ambalo sikusafiri kulifanya.

Asubuhi ya kurudi, Restituta alikubali kutoka, kichwa amekifunika, mkono wake mzima umenishika kama wa mtoto. Stesheni walikuwa wanakagua mizigo. Askari alipotaka kutupitisha, Restituta alipiga magoti akamwaga vyote chini: kanga, sabuni, chanuo, dawa. Askari akamwambia inatosha, mama. Akamjibu aangalie vizuri. Watu nyuma yetu walianza kunung'unika, nami nikaokota vitu kimoja kimoja nikavirudisha.

Treni ilipokuwa imeuacha mji, nilimwambia kwamba nimemwona Gervas, na kwamba ninashindwa kumchukia. Alifunga dirisha la behewa. Kisha akasema neno ambalo hakuwaambia polisi wala wifi yake.

"Nilikaa karibu na mlango, dada. Nilimsikia Deo akisema anakuja kunichinja. Na mimi nilicheka."

Nikamuuliza, ulicheka nini?

"Tangu aanze kunipiga alikuwa hatanii tena na mtu. Nikajua mume wangu amerudi."

Nilikwenda Mpanda kujua nani alilala mlangoni. Nimejifunza kwamba hakuna aliyelala. Mashine ililia, mwenye kisu alisema ana kisu, na mdogo wangu, aliyekuwa anamwogopa kuliko sisi sote, alisikia kila neno akafurahi.