Gunia lililopasukia Thika likamrudisha Guka Ruiru

Niaje wakuu.

Mnaonijua humu mnajua mimi ndiye yule wa "ushahidi uko wapi" kwenye kila uzi. Pasta akiponya mtu, nauliza. Mganga akipata ng'ombe aliyepotea, nauliza. Leo siwaletei ya kusikia. Nilikuwepo, gunia nililibeba mwenyewe, na mgongo bado unauma.

Ni ndefu kidogo, kwa hivyo wekeni chai karibu.

Cucu yangu, mama ya baba yangu, amepita miaka tisini. Familia ikaamua kumfanyia ibada ya shukrani. Mimi kwa sababu nimesoma university nikapewa kazi ya kuandika historia ya maisha yake, isomwe kanisani. Mpaka leo hayo ndiyo matumizi pekee ya degree yangu ambayo familia imewahi kuyaona.

Jumamosi moja tukakutana kwa Uncle Njoroge, huko Murera. Tata Wairimu, dada mkubwa wa baba na Uncle, anataja, mimi naandika kwenye laptop.

Akataja hivi. Cucu na Guka, yaani babu yangu, walioana. Akazaliwa yeye Wairimu. Emergency ya mkoloni, wakati wa Mau Mau, ikaingia, wakatengana miaka mitatu, Guka akiwa Thika na Cucu akiwa Ruiru. Akazaliwa Njoroge. Emergency ikalegea, wakarudiana, akazaliwa baba yangu.

Mimi na mdomo wangu: "Ngoja, Tata. Kama walitengana miaka mitatu, Uncle alizaliwa hapo katikati aje?"

Uncle Njoroge akaweka kikombe chini pole pole. "Wacha nikaangalie ng'ombe," akasema, akatoka. Ng'ombe walikuwa wamelishwa kitambo, na mimi ndiye niliwalisha.

Tata alinifinya mkono. "Wewe na masomo yako! Hiyo ndiyo kitu hatuulizangi!"

Ndipo nikaambiwa. Tangu akiwa mdogo, Uncle aliitwa "mtoto wa lori". Watu walisema baba yake halisi ni dereva wa lori lililokuwa linatoa kahawa Ruiru kupeleka kiwandani Thika. Shuleni alipigana kwa sababu ya hilo jina mpaka akachoka. Sasa ni mzee wa kanisa, ana wajukuu, na bado kuna wazee wanaolitaja akigeuka.

Nikasema, si amepewa jina la baba mzazi wa Guka, vile kifungua mimba wa kiume hupewa kwetu? Tata akasema watu walikuwa na jibu la hiyo pia: Guka alikuwa mtu mpole, alifunika aibu kwa jina.

Na kusema ukweli, hata mimi niliona jina peke yake si ushahidi.

"Cucu alisema nini?" nikauliza.

Tata akaniangalia kama mtu aliyetukana madhabahu. "Kitu kama hiyo unauliza mama yako aje?"

Yaani karibu miaka sabini, watu wazima, wengine na magari, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mwenye habari. Walikuwa wanamlindia heshima kwa kumshuku kimya kimya.

Nikamfuata Uncle kwa boma la ng'ombe. Nikamwomba msamaha. Halafu nikamuuliza kama ananiruhusu nimuulize Cucu.

Akasema, "Uliza. Mimi nimechoka kutojua. Lakini nitakuwa hapo."

Cucu alikuwa nje kwenye jua, anachambua maharagwe kwa uteo. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini vidole vinajua. Mbovu huku, nzuri huku. Alifanya kazi hiyo ujana wake wote kwenye vitanda vya kukaushia kahawa, kwa shamba la mzungu pale Ruiru.

Uncle akageuza ndoo, akaikalia, na Tata akasimama mlangoni. Yaliyofuata yalikuwa kwa Kikuyu, nawawekea kwa Kiswahili.

"Cucu, wakati wa Emergency, wewe na Guka mlikuwa mmekosana?"

"Nani amesema tulikosana?"

"Inasemekana mlitengana."

Akacheka. "Sisi tulikatazwa kuonana. Kutengana ni kazi ya watu wawili, na sisi hata hatukuulizwa."

Mambo yalikuwa hivi. Guka alikuwa kibarua kiwandani Thika, kazi yake kushona magunia yaliyoraruka. Cucu alikuwa Ruiru shambani, na nyumba aliyolala na mtoto ilikuwa ya shamba. Bila pasi, yaani kibali cha serikali, Mkikuyu hakutoka mahali pake. Na pasi ya kwenda kuona bibi tu, Guka aliiomba akafukuzwa kwenye dirisha la ofisi mara tatu.

(Mimi na girlfriend wangu tuliachana kwa simu, yeye Thika, mimi Mwiki, bila mtu yeyote kututaka pasi. Hiyo ni ya siku nyingine.)

Cucu alikuwa mmoja wa wanawake waliokuwa wakishona midomo ya magunia kahawa ikishakauka. Akawaza hivi: magunia yangu yanaenda kwa bwanangu kila wiki, na mimi siendi. Yakifika mazima, hakuna anayenikumbuka. Yakifika yamepasuka, watamtafuta anayejua kushona.

Akaanza kuyashona vibaya kwa makusudi.

Si yote. Machache kila safari, kosa lisiwe na jina la mtu mmoja. Kiwanda kikaandika barua. Mzungu wa shamba akamgombeza nyapara, nyapara akashuka kwa wanawake akifoka. Wakati huo kumwaga kahawa ya mzungu kungeweza kuitwa kazi ya Mau Mau, na Cucu angejikuta barabarani na mtoto, au mahali pabaya zaidi.

"Wewe Wangari," nyapara akamwambia, "macho yako yako wapi ukishona?"

Cucu akainamisha kichwa. "Nyapara, sisi hakuna mtu alitufunza. Tunashona vile tunasuka viondo. Huko Thika si wana fundi? Watuletee mwalimu."

Wiki ya tatu lori likaja, na Guka akashuka, pasi ikiwa kwenye mfuko wa shati. Siku sita.

Nyapara alikuwa mgeni, hakumjua. Wanawake wote walimjua. Wote wakaangalia chini.

"Mama, hebu shika sindano hivi," Guka akamwambia bibi yake.

"Hivi, mwalimu?"

"La. Hivi."

Cucu anasema kuna mwanamke aliyelazimika kujifanya anakohoa mpaka akapewa maji.

Siku ya sita wote walikuwa wanashona vizuri isipokuwa mmoja. Guka akamwambia nyapara kwamba huyu ni mgumu kuelewa, akimwacha hivi magunia yatapasuka tena. Pasi ikaongezwa siku nne.

Hapo Uncle akaongea kwa mara ya kwanza. Sauti ilikuwa ya mtoto kabisa mbele ya mama yake.

"Maitu, na alikuwa akilala wapi?"

Cucu akaacha maharagwe. "Na wewe unafikiri ulitoka wapi?"

Wakuu, sitasahau uso wa yule mzee.

Uncle akamweleza vile anavyoitwa. Cucu alikuwa hajui. Utotoni, Uncle alipokuwa akirudi na nguo imeraruka, alimwambia mama yake ni mpira. Na Cucu na wale wanawake wenzake walinyamaza miaka ile kwa sababu siri ikitoka, Guka angeshikwa. Baadaye Cucu akazoea kunyamaza. "Hakuna aliyeniuliza," akasema, na akamshika mkono.

Hapo mtu wa kawaida angefuta machozi, uzi uishe. Lakini mnanijua.

Nikasema: "Cucu, samahani. Gunia lililoshonwa vibaya si lingepasuka njiani? Wangesema ni barabara tu, na hakuna ambaye angemtafuta fundi. Lilijuaje kungoja Thika?"

Uncle akaniangalia vibaya. Cucu hakukasirika hata kidogo. Nafikiri alikuwa amemngoja mjinga wa kuuliza hilo maisha yake yote.

"Leta gunia. Leta na sindano."

Tulijaza mahindi gunia la katani. Alishona kwa kupapasa. Nje unaona mishono mizuri iliyokaribiana. Lakini katikati kuna mahali aliruka, akapitisha uzi juu ya kitambaa bila kukishika, na mwisho hakufunga fundo, alizungusha tu. Likisimama, linajikaza lenyewe. Likilala, bado limeshika.

Tukalipakia kwa pickup ya Uncle. Akaendesha Murera yote, akitafuta mashimo kwa makusudi. Nilikaa nyuma nikiwa nimelikodolea macho. Halikutoa hata punje.

Tukarudi. Cucu akauliza, "Thika wanaume walishusha namna gani? Si walirusha?"

Nilitaka kulirusha mimi. Uncle akanisukuma kando, akalikumbatia, akalitupa chini kutoka kwa gari.

Pwaa! Mdomo ukafunguka wote. Mahindi mpaka kwa mlango, kuku wakaja mbio kama wameitwa mkutano.

Uncle akachuchumaa, akaokota ule uzi. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mahindi, na sikumwangalia sana usoni kwa sababu kuna vitu si vya kuchunguzwa.

Halafu akaniita. "Leta hiyo mashini yako. Futa hapo pa kutengana. Andika Guka alikuja Ruiru kufundisha kushona."

Tata akaongeza, "Andika na mwanafunzi mmoja alikuwa mgumu."

"Huyo usimwandike jina," Cucu akasema.

Jumapili ya ibada Uncle alikataa nisome mimi. Akasimama mbele mwenyewe, akasoma yote, hata siku nne za nyongeza. Wale wazee wanaolitaja hilo jina walikuwa kiti cha pili. Alipomaliza akavua miwani, akawaangalia, akasema, "Mimi ndiye mtoto wa lori. Sasa mnajua lori lilibeba nani."

Kanisa lilicheka mpaka pasta akakosa pa kuanzia.

Nilichojifunza, wakuu: kuuliza si kosa, na sitaacha. Kosa langu lilikuwa kuuliza mezani, mbele ya watu, swali ambalo mwenye jibu alikuwa ameketi nje kwenye jua. Nilimuumiza mtu kwa hesabu ya dakika moja.

Najua kuna mtu atanijibu kwamba gunia si DNA. Ni kweli, ningelisema hilo mimi mwenyewe mwezi jana. Uncle hataki kipimo kingine. Huo uzi wa katani ameufunga kwenye kioo cha pickup, na mimi nimeridhika.

Sasa nanyi. Kwenu ni habari gani inayonong'onwa na mwenyewe bado yuko hai? Mmemuuliza? Nasoma majibu yote, hata ya kunitukana.