Beringi ya Njinjo

Harufu ya grisi iliyoungua hunifanya niume meno, na mimi ni mwalimu wa ufundi mitambo. Naivuta karibu kila siku. Wanafunzi hudhani nimewakasirikia wao. Wala. Namkasirikia mzee mmoja wa kijijini kwetu Njinjo, aliyekwisha kuzikwa zamani.

Alikuwa Mzee Mbwana, mwenye mashine pekee ya kusaga. Nilipokuwa darasa la tano, mashine ile ilibadili sauti. Siku zote ilinguruma kama mtu aliyeshiba. Sasa ndani ya ngurumo kukawa na mlio mwembamba wa chuma kukwaruza chuma, mlio unaokuingia kwenye fizi. Niligusa pale shafti inapozungukia ndani ya beringi, pete ya chuma inayoishikilia, nikautoa mkono mbio. Palikuwa pa moto kama sufuria ya uji.

"Shikamoo, babu. Hapa panaunguza."

"Marahaba. Toka hapo! Mashine hii nimeinunua mama yako hajaolewa."

"Haina grisi, babu." Nilijua kwa sababu baba alikuwa na baiskeli, na mtiaji grisi nilikuwa mimi.

"Mtoto wa kike, unajua grisi wewe?"

Wanaume waliokaa kwenye benchi wakacheka. Kopo la grisi lilikuwa rafuni nyuma yake, limefunikwa vumbi la unga, halijafunguliwa. Nililiona kwa macho yangu.

Siku ya tatu beringi ikang'ang'ana. Shafti ilikwama ghafla, mkanda ukachomoka, ukampiga dada yangu Zuhura aliyekuwa akikinga unga. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatika. Zuhura, ambaye ukili aliousuka ulikuwa mwembamba na umenyooka, ambaye watu walitoka vijiji vingine kumwagiza mikeka ya harusi!

Mzee Mbwana alikuja kutupa pole na kilo mbili za sukari. "Ni mipango ya Mungu," akasema.

"Alhamdulillahi," Mama akaitikia.

Nikapasuka. "Si Mungu! Ni grisi! Ilikuwa rafuni!"

Mama alinizaba kofi mbele yake, kisha akamwomba radhi. Kofi lile sikulisahau.

Chuoni nikafundishwa kwamba chuma, hata king'ae vipi, kikitazamwa kwa hadubini ni vilima na mabonde. Vyuma viwili hugusana kwenye ncha chache tu, na ncha hizo ndizo hubeba mzigo wote. Pasipo utando wa mafuta kati yao, zinaungua, zinang'oana, zinashikana. Leo nayakokotoa hayo kwenye kompyuta. Vijiko viwili vya grisi vingetosha. Viwili!

Mwaka jana nilikwenda nyumbani, nikamwuliza Mama kwa nini alinipiga.

"Ulidhani mlio ule uliusikia peke yako?" akasema. "Wanawake wote tulisikia. Tungesema, angetufungia mlango, tungesaga wapi? Watoto wangekula nini?"

Miaka yote nilimwona mwoga, kumbe alikuwa akifikiria matumbo yetu. Nilitaka kumjibu, lakini Zuhura, aliyekuwa akichambua mchele kwa mkono ule ule, akasema bila kuinua macho:

"Siku ile ilikuwa zamu yako kukinga unga. Nilikutuma maji makusudi."

Nilikuwa nimekasirika kwa ajili yake tangu utotoni, na hata siku moja sikuwahi kumwuliza kwa nini alisimama pale yeye.