Omena Juu ya Paa la Basi

Asubuhi ambayo paa la basi la kaka yangu lilikuwa likaguliwe, tulikuta omena, dagaa wa ziwa letu, zimeanikwa juu yake. Hazikuwa zimemwagika. Zilikuwa zimetandazwa na mkono wa mtu anayeijua kazi, tabaka moja jembamba, kutoka nyuma hadi karibu na kioo cha dereva. Baadaye tulizipima kwa gorogoro, lile kopo tunalopimia mahindi sokoni. Zilijaa makopo matatu na kubaki kidogo.

Sina budi kurudi nyuma siku nne.

Kaka alinunua basi hilo kwa watu waliokuwa wamelichoka. Injini ilikuwa nzima, viti vilikuwa vizima, na ubavuni lilikuwa limepakwa rangi mpya ya njano. Paa hakuna aliyelishughulikia, kwa kuwa mtu aliyesimama chini halioni. Lakini Homa Bay si mji wa tambarare. Kiwanja tunapoegesha kiko karibu na ziwa, na shule ya wasichana iko juu yetu, kwenye mteremko wa kilima. Dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu linatazama ziwa, na kabla ya kulifikia ziwa linatazama paa letu. Jumatatu kaka alipopanda kuomba kazi ya kuipeleka kwaya ya shule kwenye mashindano Migori, mwalimu mkuu alimwita dirishani.

"Baba, basi lako lina mba," alimwambia.

Ilikuwa kweli. Rangi nyeupe ya zamani ilikuwa imegeuka unga, na upepo wa ziwa ulipovuma unga huo ulishuka mabegani mwa yeyote aliyepita. Neno hilo lilifika nyumbani kabla ya kaka. Binti yake anaimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyo, na jioni aliingia akaweka begi chini bila kutusalimu.

"Baba, ukileta hiyo gari, mimi naenda Migori na boda boda."

Kaka aliliokota begi akaliweka kitini. Tangu apate basi alikuwa na haja moja aliyoisema mara nyingi: kumwendesha binti yake na wenzake hadi Migori, waimbe njia nzima nyuma ya kiti chake. Mwalimu mkuu alikuwa amempa hadi Ijumaa. Saa tatu asubuhi angetazama dirishani. Akiona mba, angekodi gari lingine.

Jumanne kaka alipanda ngazi ya nyuma ya basi na ndoo ya maji ya sabuni, malapa miguuni. Mimi nilikuwa chini na mpira wa maji. Alifika katikati ya paa, akamwaga maji, akasugua mara tatu, kisha nikamwona akija upande wangu amekaa, polepole, kama mtu anayesogeza kiti mkutanini. Visigino vyake vilikwama kwenye ukingo mwembamba wa pembeni. Lapa moja lilinipita kichwani. Hakuumia. Alishuka, akaketi juu ya tairi kuukuu, na kwa muda mrefu alizungumzia lapa tu.

Nikampigia simu shemeji yetu wa Karungu, mume wa dada yetu, ambaye ni fundi wa mashua. Alifika Jumatano asubuhi na mbao, kamba za nyavu na maneno.

"Shemeji, nasikia ulipaa," alimwambia kaka.

"Nilishuka."

"Hapo ndipo kuna shida. Ulishuka kabla ya kuamua."

Alilizunguka basi mara mbili bila kuligusa, kisha akaanza kuliita paa tumbo. Kwake lilikuwa tumbo la mashua iliyopinduliwa, na tumbo la mashua halikanyagwi. Ukilikanyaga unalichubua, nalo linakuangusha, mnakuwa mmelipana. Fundi husimama kando yake, likiwa usawa wa kifua chake.

Kufikia saa nne alikuwa ameunda vigoda viwili virefu vya miguu minne, vya kimo cha mtu, kila mguu umekalishwa juu ya jiwe bapa usizame mchangani. Ubao mnene wa kuvuka kati yavyo hakuupandisha. Aliuweka kwanza chini, juu ya matofali mawili.

"Sasa tunauapisha," alisema. "Kaka na dada, simameni katikati. Rukeni."

"Wote wawili?" niliuliza.

"Yeye peke yake angetosha, lakini nataka ushahidi."

Tuliruka. Ubao ulilia, haukuvunjika. Shemeji alipiga magoti akaukagua kwa chini, akapitisha kidole kwenye mafundo, akasema umeapa. Ndipo ukapandishwa, ukafungwa kwa kamba ncha zote mbili, na mti mwingine ukafungwa usawa wa kiuno, pa kuegemea. Sheria za juu zilikuwa chache. Miguu mikavu, mitupu. Kitambaa kimefungwa kwenye kifundo cha mkono. Kitu kikianguka, aliye juu haokoti, anaokota aliye chini. Mkono usipofika, usijinyooshe. Shuka, sogeza vigoda.

Siku hiyo tuliosha na kupiga msasa wa maji. Mba ilishuka kama uji. Alhamisi tulipaka polishi, tukianza alfajiri kabla jua halijaikausha mikononi mwetu. Shemeji alitugawia paa kwa vipande vya ukubwa wa sinia. Katikati, mkono usipofika, alitumia mpini wa ufagio aliouvika flana. Kaka alijaribu mara moja kujinyoosha.

"Omera, ndugu yangu, binti yako anataka dereva, hataki picha yake ya matangani," shemeji alimwambia bila kugeuka.

Kaka alishuka, tukasogeza vigoda. Nilihesabu: tulivisogeza mara kumi na tisa. Jua lilipozama tulikuwa tumemaliza upande wa ziwani, uliokuwa wa mwisho, na kwa uchovu tuliacha vigoda na ubao pale pale.

Hilo ndilo kosa letu. Tulijenga kitu imara kiasi kwamba mtu yeyote angeweza kupanda, akiwa na beseni.

Ijumaa saa moja na nusu tulisimama watatu tukitazama. Ufukweni watu huanika omena juu ya nyavu kuukuu na juu ya miamba, popote palipo safi na panaposhika jua mapema. Mtu alikuwa ametoka majini na samaki wake, akaona mahali. Kunguru wawili walikuwa kwenye ubao. Mmoja aliruka juu ya paa, akateleza hadi ukingoni mabawa yakiwa wazi, akarudi kwenye ubao kufikiri.

"Hata kunguru anaomba ngazi," shemeji alisema. Kaka hakucheka. Aliangalia saa, kisha dirisha.

Shemeji alipanda na flana na beseni, akaanza kuzisukuma taratibu ili zisichubue. Alikuwa amefika nusu ya paa dirisha la ofisi lilipofunguliwa. Haikuwa saa tatu bado.

"Mnafagia nini huko juu?" mwalimu mkuu aliuliza.

Kaka alipiga hatua moja mbele.

"Omena, Madam."

"Za nani?"

"Hatujui, Madam."

Aliinama dirishani. Nusu ya paa ilikuwa fedha ya samaki, nusu nyingine iling'aa hadi akakunja uso kwa mwanga.

"Mimi ni mtoto wa ufukweni," alisema hatimaye. "Mama yangu hakuwahi kuanika omena mahali pachafu. Leta gari Jumamosi ya wiki ijayo, saa kumi na moja alfajiri. Lakini hiyo harufu ibaki hapo hapo."

Tuliosha kwa ndimu, tukapaka polishi tena. Kwaya ilikwenda Migori ikiimba, na binti wa kaka alikaa kiti cha nyuma ya dereva, akimsahihisha baba yake alipojaribu kuingiza besi.

Omena tulimalizia kuzianika, tukazitia katika gunia dogo. Shemeji alitaka tuzile na ugali. Kaka alikataa, alisema zimempa kazi, na zina mwenyewe. Tuliuliza ufukweni kote. Wanawake walicheka, hakuna aliyesema ni zake.

Mwezi uliopita tulipaka polishi tena kabla ya safari ya pili ya kwaya. Jioni kaka aliacha vigoda vimesimama, na akafunga lile gunia la omena kwenye ubao kwa kamba ya nyavu. Asubuhi gunia halikuwepo. Kamba ilikuwa imefunguliwa fundo, ikakunjwa vizuri na kuwekwa katikati ya ubao. Paka hakunji kamba. Zaidi ya hapo sijui.