Hoteli Iliyofunguliwa Kabla ya Kuta

Nilipopangiwa kazi ya fundi sanifu wa barabara nilikuwa msichana mbichi, na kofia ya kazini ilinishuka mpaka kwenye nyusi. Miaka hiyo ya themanini masharti ya biashara yalikuwa yameanza kulegezwa, na pale Karatu kila mwenye kiwanja kando ya barabara kuu alitaka kujenga duka au hoteli. Mkuu wangu wa kazi akanituma kwa mama mmoja mjane, mkulima wa ngano, aliyeomba kibali cha kujenga hoteli.

"Tafuta namna magari yataingia na kutoka bila kuziba barabara," aliniambia. "La sivyo kibali hakitoki."

Kiwanja chenyewe kilikuwa mwisho wa mteremko. Magari ya watalii yalishuka kutoka Ngorongoro mbiombio, yamejaa vumbi jekundu, na malori ya kahawa ya Oldeani yalipita papo hapo. Lori likianza kurudi nyuma barabarani ili lipate kuingia, ajali haikosi. Nikachora njia ya kuingilia upande mmoja, ya kutokea upande wa pili, na katikati uwanja wa kuzungukia.

Mama akaugeuza mchoro wangu huku na huku. "Mwanangu, mimi hapa naona utumbo wa mbuzi tu. Nichoree chini."

Nilicheka, kisha nikaona kwa nini isiwezekane? Siku ya mnada tukapata debe la chokaa, mimi na mama na wifi yake, tukaanza kumwaga mistari ya njia na ya vyumba juu ya udongo, wao wakivuta kamba, mimi nikirudi kinyumenyume mpaka nikaanguka mtaroni. Wifi akacheka mpaka akakaa chini. Tulipomaliza, tulikuwa weupe kama tumetoka mashine ya kusaga.

Nikasimamisha lori la kwanza. "Kaka, naomba uingie humu, ufuate mstari, utokee kule."

Dereva akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Humu wapi, dada? Mbona ni shamba?"

"Ni hoteli," mama akadakia. "Pita."

Akaingia. Lori likazunguka vizuri, halafu gurudumu la nyuma likakata kona.

"Wee! Umepita jikoni kwangu!" mama akapiga kelele, na watu waliokuwa wakienda mnadani wakasimama kuangalia.

Nikafuta mstari kwa mguu, nikaupanua. Dereva akarudia, na safari hii akapita bila kugusa kitu. Umati ukashangilia kama goli limeingia. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kukosa. Akaja wa trekta na tela lake. Wafugaji wawili waliojifunga shuka lubega wakapitisha ng'ombe wao, wakafuata mistari kwa nidhamu kuliko madereva wote. Mimi nilikuwa nakimbia huku na kule nikipunga mikono, kofia imeshaanguka sijui wapi, na kila gari lililokata kona pale nilipotaka likate nilihisi kama nimekunywa kitu kikali.

Ndipo gari la watalii likaacha barabara, likaingia kwa utaratibu na kusimama katikati ya kiwanja kitupu. Dereva wake akatoa kichwa. "Mama, chai ipo?"

Tukatazamana. Hapakuwa na ukuta hata mmoja, wala kikombe.

"Ipo," mama akasema, uso mkavu kabisa. "Karibuni, kaeni."

Wifi akatoka mbio nyumbani kuchukua jiko la mkaa. Jirani akaleta benchi, mwingine maandazi yaliyokuwa ya watoto wake. Wazungu wakakaa juani ndani ya mistari ya chokaa, wakanywa chai ya maziwa, wakaomba tena. Malori mawili yakaona, yakaingia nyuma yao, yakatokea upande wa pili. Hakuna aliyerudi nyuma, na barabara haikuzibwa.

Mkuu wangu alifika jioni kukagua, akakuta watu wamekaa wanakula.

"Nilikutuma upime njia," akasema. "Nani kafungua hoteli?"

Nilitaka kueleza lakini kicheko kikanizidi nguvu, nikashindwa hata kusimama wima. Mama akamwekea kikombe mkononi, akamwambia asogee kidogo, maana amesimama chumba cha wageni. Akasogea kweli.

Kibali kilitoka kabla ya masika.