Juu ya Ubavu

Mwanafunzi wangu mmoja alinizidi umri, kwa hiyo kila asubuhi mimi ndiye niliyemwamkia shikamoo, na darasa zima likacheka. Kabla ya kuja kwenye chuo chetu cha utabibu Shinyanga alichimba dhahabu Geita miaka mingi. Mtihani wa vitendo alikuwa ameshaufeli mara mbili. Wa Ijumaa ulikuwa wa tatu na wa mwisho. Akishindwa, anarudi shimoni.

Ajabu ni kwamba nadharia aliijua. Alikutajia bila kusita kwamba chini ya kila ubavu kuna kimfereji, na humo zimelala vena, ateri na neva. Ndiyo maana mpira wa kutoa maji kifuani hupitishwa juu ya ubavu. Halafu anasimama mbele ya sanamu ya mazoezi, na mkono wake unapita chini. Kila mara.

Jumatano nilimbakiza baada ya kipindi.

"Kaka, leo sikuulizi kitabu kinasemaje. Mkono wako unaogopa nini?"

Akautazama kama wa mtu mwingine. "Mwalimu, shimoni hatuchokonoi juu ya gogo. Gogo ndilo limeshikilia mwamba. Ukigusa juu, mlima unakushukia."

Nilicheka kwa furaha. Miezi yote ile nilikuwa nafundisha kichwa, na kosa limekaa mkononi.

Kesho yake asubuhi nilipita kwa muuza nyama wa Ibadakuli, nikaomba mbavu za mbuzi zisizokatwa.

"Supu ya walimu hiyo," akasema.

"Hii haipikwi. Inafundisha."

Chuoni nilijaza mrija wa dripu juisi nyekundu ya rozela, nikaushonea kwa ndani, chini ya ubavu mmoja. Nikamwita.

"Ingiza kidole kwanza. Umekisikia kimfereji?"

"Nimekisikia."

"Basi ubavu huo ndio gogo lako. Wenzako watatu wamejibanza chini yake."

Alichukua koleo la upasuaji, akasukuma. Rozela ikaruka mpaka kwenye koti langu jeupe.

Muuguzi mmoja aliyekuja kujiendeleza alikuwa akichungulia mlangoni. "Mzee ameua," akasema.

"Wangapi?" nikauliza.

"Wote watatu, na mwalimu kajeruhiwa."

Mchimbaji wangu hakucheka. Nilifunga mrija mwingine. Safari hii kidole chake kilitafuta ukingo wa juu, kikatulia hapo, ndipo koleo likafuata. Juisi haikutoka. Tulirudia mpaka nyama ikachakaa, nami nikasahau chakula cha mchana.

Ijumaa nilikaa kwenye kiti cha nyuma, mikono nimeikalia. Msimamizi kutoka chuo kingine alimsimamisha kabla hajasukuma.

"Kwa nini juu?"

"Chini kuna watu."

Kalamu ya msimamizi ikasimama.

"Vena, ateri, neva," mwanafunzi wangu akaendelea taratibu. "Kwa mpangilio huo, kuanzia juu."

Akasukuma. Maji ya sanamu yakatiririka kwenye mpira, na msimamizi akaandika kwamba amefaulu.

Nje barazani mwanafunzi wangu aliniwahi kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo, mwalimu."

Siku hiyo niliitikia marahaba.