Kamusi Kubwa ya Mwalimu

Juzi nilipita Busia, karibu na maegesho ya malori, nikamkuta muuza vitabu amepanga kamusi tatu za Kiingereza kwa ukubwa. "Mama, chukua hii ndogo, inaingia mkobani," akaniambia. Nikainua ile kubwa. Mikono ikaukumbuka uzito.

Miaka ya sabini, darasani kwetu Malaba, zilikuwa tatu vilevile. Ya mfukoni ilimaliza neno kwa mstari mmoja. Ya kati, mali ya shule, iliongeza mfano. Ya tatu ilikuwa ya mwalimu wetu, mkimbizi wa Uganda, aliyevuka mpaka ameikumbatia, hana hata blanketi. Hiyo ilijaza nusu ukurasa kwa neno moja. Alitutuma tutafute neno lilelile katika zote, kisha tuseme ile ndogo imeacha nini.

"Ndogo haisemi uongo," alizoea kutuambia. "Inanyamaza tu."

Alipanga chumba kwa nyanya yangu. Likizo moja akaamua kurudi ng'ambo ya mpaka kumleta mkewe, ambaye hatukuwahi kumwona. Kamusi alimwachia nyanya, imefungwa kwa leso. "Siku tatu tu, mama." Nyanya aliifukia ndani ya kapu la wimbi, akanikataza kuigusa. Amana ya mtu haifunguliwi.

Siku ya nane akaja mwanamke, vumbi mpaka magotini, akimuulizia mwalimu. Wakati ule, kwetu mpakani, mgeni akimuulizia Mganda hakujibiwa. Ilisemekana wapelelezi wa serikali ya Uganda walivuka wamejifanya wachuuzi. Nyanya aliendelea kupepeta wimbi.

"Hapa hakuna mwalimu, dada."

"Hata kitabu hakuacha? Kile kikubwa?"

"Sisi tunalima. Vitabu vya nini?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikanyamaza. Mwanamke akashika njia ya kurudi Uganda.

Mwalimu hakurudi. Mavuno yalipoisha, nyanya akafungua leso ili aianike kamusi, wadudu wasiile. Katikati ya kurasa palikuwa na picha ya arusi: mwalimu kwa suti, na kando yake mwanamke yule yule. Nyanya akaketi chini, mikono imejaa maganda ya wimbi. Tangu hapo, kila siku ya soko alikwenda kusimama mpakani, akitazama nyuso za wanawake waliovuka.

Nyanya hayupo tena. Shule ile ilibomolewa, na zile kamusi nyingine mbili sijui ziliishia wapi. Ya tatu iko kabatini kwangu, picha iko ukurasa uleule. Na mtu akibisha hodi, hata leo, nakwenda kufungua mimi mwenyewe.