Ufagio Usiojua Mpaka

Kila asubuhi, kabla ya kufunua cherehani, fundi nguo hufagia mbele ya kibanda chake, pini kazibana midomoni, na ufagio wake haujui mpaka: huingia kwa jirani, muuza ndoo, urefu wa mkono mzima. Muuza ndoo, mtu wa kupima kila jambo kwa jicho la biashara, aliona huo ni ujanja. Leo anafagia, kesho ataweka kigoda, keshokutwa eneo limekwenda na maji.

“Dada, unanipora kwa ufagio?”

“Ufagio ukishashika kasi, kaka, unausimamishaje?” akajibu kupitia pini, mabega yakicheka.

Basi muuza ndoo naye, asije akapunjwa, akafagia kwake kote na kuingia kwa fundi viatu. Fundi viatu akawaka, akaingia na ufagio wake kwa muuza mkaa. Punde uchochoro mzima, upande huu na ule, ukawa unafagiwa na watu wenye hasira, na wateja waliozoea kuruka takataka wakaanza kutembea taratibu na kuuliza bei. Jana fundi nguo kafika, kakuta mlangoni pake kweupe. Muuza mkaa kashapita na ufagio. Akacheka mpaka pini zikamtoka. Akaziokota pale chini palipong'aa, hata moja haikupotea. Alipoinuka, macho yake yalitua kwenye mfereji uliojaa matope. Akakunja mikono ya gauni.

“Tumekwisha,” akaguna muuza ndoo, kisha akakimbilia ndani kushusha ndoo ya kuzolea matope.